Mfereji wa Suez na Mwambao wa Waswahili

Shingo ya nchi ya Suez, yaani kipande chembamba cha ardhi kinachoiunganisha Afrika na Asia, haifiki hata kilomita 130 kutoka Bahari ya Mediterania hadi ncha ya kaskazini ya Bahari ya Shamu, lakini kwa karne nyingi kipande hicho kiliwalazimu wafanyabiashara ama kushusha shehena na kuipakia juu ya ngamia, ama, tangu Wareno walipoipata njia ya Rasi ya Tumaini Jema mwishoni mwa karne ya 15, kulizunguka bara zima la Afrika. Mfereji uliokatwa mahali hapo kati ya mwaka 1859 na 1869 huelezwa mara nyingi kama jambo la Ulaya na India, au la Ufaransa na Uingereza zilizougombania, na mwambao wa Afrika Mashariki hutajwa kwa nadra. Hata hivyo, ni vigumu kuitaja kazi nyingine iliyofanyika mbali na mwambao huo ambayo iliyageuza mambo yake kwa upesi kama hiyo, kwa sababu katika muda wa miaka 25 tu tangu maji ya bahari mbili kukutana, Zanzibar, Mombasa, Bagamoyo na nchi zote hadi maziwa makuu zilikuwa zimekwisha kugawanywa na mataifa ambayo meli zao zilipita Suez.

Wazo la kuziunganisha bahari hizo halikuanzia kwa Wafaransa. Mifereji ya kale haikuikata shingo ya nchi moja kwa moja kutoka kaskazini hadi kusini, bali ilitoka kwenye mkono wa mashariki wa Mto Nile, ikafuata bonde la Wadi Tumilat na kuteremka hadi Bahari ya Shamu. Herodotus, mwanahistoria wa Kiyunani wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba Farao Neko aliianza kazi hiyo na kwamba Wamisri 120,000 walipoteza maisha kabla haijasimamishwa. Baadaye Dario, mfalme wa Uajemi, akaiendeleza na kusimamisha mawe yenye maandishi ya kuutangaza ushindi wake, na vipande vya mawe hayo vimefukuliwa. Mfereji huo uliziba na kuzibuliwa mara kadhaa chini ya Waptolemi na Warumi, kisha katika karne ya 7 Amr bin al-As, liwali wa Misri katika zama za Khalifa Umar bin al-Khattab, akaufukua upya ili nafaka ya Misri ifike Hijazi kwa njia ya maji, na ukaitwa Khaliji ya Amiri wa Waumini. Ulitumika kwa zaidi ya miaka 100, hadi Khalifa al-Mansur wa Bani Abbas alipoamuru uzibwe ili waasi wa Madina wasifikiwe na chakula. Amri hiyo ya karne ya 8 inastahili kukumbukwa, kwani tangu hapo historia ya njia ya maji ya Suez imekuwa kwa kiasi kikubwa historia ya wale wenye uwezo wa kuifunga.

Jeshi la Napoleon lilipoingia Misri mwaka 1798, wahandisi wake wakiongozwa na Jacques-Marie Le Père walipima shingo ya nchi katika mazingira ya vita na haraka, wakahitimisha kwamba Bahari ya Shamu iko juu ya Mediterania kwa karibu mita 10. Kosa hilo liliwatisha watu kwa nusu karne, kwa hofu kwamba mfereji ungelifurikisha bonde zima la Nile, na ni vipimo vipya vya mwaka 1847 vilivyothibitisha kwamba tofauti ya usawa wa bahari hizo mbili ni ndogo mno, hata mfereji unaweza kukatwa bila milango ya kupandishia na kushushia meli kama ile ambayo baadaye ilihitajika Panama. Lakini Muhammad Ali, mtawala wa Misri wa wakati huo, hakuutaka mfereji. Aliona kwamba njia ya aina hiyo ingeyavutia mataifa makubwa kuja kuitawala nchi yake, na hakuna mtawala wa ukoo wake aliyeona mbali kuliko hapo.

Mwanawe, Muhammad Said, hakuwa na tahadhari hiyo. Alipokuwa mtoto alizoeana na Ferdinand de Lesseps, mwanadiplomasia wa Kifaransa aliyekuwa konseli Aleksandria katika miaka ya 1830, na aliposhika utawala mwaka 1854 de Lesseps alikwenda kwake mbio, akapewa tarehe 30 Novemba mwaka huohuo idhini ya kuunda kampuni ya kuchimba mfereji na kuuendesha kwa miaka 99 tangu siku ya kufunguliwa. De Lesseps hakuwa mhandisi wala tajiri; alikuwa mtu mwenye ulimi, subira na marafiki wakubwa. Kampuni yake iliundwa mwaka 1858 kwa hisa 400,000 za faranga 500 kila moja, na ilitarajiwa kwamba raia wa mataifa mengi wangezinunua, lakini nje ya Ufaransa wanunuzi walikuwa wachache sana, na Waingereza, ambao waziri mkuu wao Palmerston aliupinga mpango huo waziwazi, hawakuzigusa. Mzigo wa hisa zilizobaki ukamwangukia Said, na kwa hiyo nchi masikini ya wakulima ikajikuta imebeba karibu nusu ya mtaji wa mradi ambao haukuanzishwa kwa ajili yake.

Misri ilitoa pia watu. Kwa mujibu wa makubaliano, sehemu kubwa ya wafanyakazi walipaswa kuwa Wamisri, nao walipatikana kwa kazi ya shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa ambayo mtawala huwatoza raia zake kama kodi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1860 wakulima wapatao 20,000 walikusanywa kila mwezi kutoka vijiji vya Misri ya Juu na ya Chini, wakasafirishwa kwa mashua za Nile na kwa miguu hadi jangwani, huku wengine 20,000 wakirudi makwao na wengine wakijiandaa kuitwa, kiasi kwamba mashamba mengi yalikosa mikono katika msimu wa kazi. Walichimba kwa majembe na vikapu, na mahali pengi, hasa kwenye matope ya Ziwa Manzala karibu na mji mpya wa Port Said, waliyatoa matope kwa mikono mitupu, wakayafinyanga na kuyabeba mgongoni. Maji ya kunywa yaliletwa kwa ngamia na kwa mashua hadi mfereji mdogo wa maji matamu kutoka Nile ulipofika eneo la Ziwa Timsah mwaka 1862 na mji wa Suez mwaka 1863. Mfereji huo mdogo, ambao wasafiri wa melini hawauoni, ndio uliouwezesha ule mkubwa, na miji ya Ismailia na Port Said imeishi kwa maji yake.

Idadi ya waliokufa haikuwekwa kwa uangalifu wa kuaminika. Gamal Abdel Nasser, rais wa Misri, katika hotuba yake ya mwaka 1956, alitaja watu 120,000, idadi ileile ambayo Herodotus aliitaja kwa habari ya Farao Neko, na wanahistoria wengi huiona kuwa kubwa kupita kiasi, wakati takwimu za kampuni yenyewe zilikuwa ndogo na ziliandikwa na mwenye masilahi. Jambo lililo wazi ni kwamba kipindupindu cha mwaka 1865 kiliwaua wengi kwenye kambi, na kwamba majina ya wahandisi, wanahisa na wageni wa karamu yamehifadhiwa hadi leo, ilhali ya wakulima wale hayakuandikwa. Hiyo ni dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza.

Said alifariki Januari 1863, na mrithi wake Ismail, ambaye baadaye alipata cheo cha Khedivi, akaikomesha shokoa ya mfereji kwa kuungwa mkono na Waingereza, waliokuwa wakipinga kazi ya kulazimishwa na wakati huohuo wakitumaini mradi ungekufa. Kampuni ikadai fidia. Msuluhishi aliyechaguliwa alikuwa Napoleon wa Tatu, mfalme wa nchi ya walalamikaji wenyewe, na mwaka 1864 aliihukumu Misri ilipe faranga milioni 84, ambazo milioni 38 kati yake zilikuwa fidia ya kukosa wafanyakazi wa lazima. Hukumu hiyo iliisukuma Misri zaidi katika mikopo ya mabenki ya Ulaya. Kwa upande wa kazi, kampuni ililazimika kuleta mashine za mvuke za kuchota mchanga na tope chini ya maji na kuyamwaga mbali kwa mifereji ya chuma, na mashine hizo ndizo zilizochimba sehemu kubwa ya mita za ujazo zipatazo milioni 74 zilizoondolewa. Mfereji ulikamilika ukiwa na urefu wa kilomita 164, kina cha mita 8 na upana wa mita 22 tu chini, nao ulikuwa umegharimu zaidi ya maradufu ya makisio ya mwanzo.

Ulifunguliwa tarehe 17 Novemba 1869 kwa sherehe ambazo Ismail alizigharamia bila kuhesabu, na msafara wa meli ukaongozwa rasmi na ile iliyombeba Eugénie, mke wa mfalme wa Ufaransa. Sherehe zimesimuliwa vya kutosha kwingineko, na si nadra kusimuliwa pamoja na makosa, kama vile dai kwamba opera ya Verdi iitwayo Aida ilichezwa siku hiyo, wakati ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Kairo Desemba 1871. Linalohusu zaidi ni aina ya vyombo vilivyoweza kuutumia mfereji.

Bahari ya Shamu ni ndefu, nyembamba na yenye miamba, na katika nusu yake ya kaskazini upepo huvuma kutoka kaskazini karibu mwaka mzima, jambo linalomfanya nahodha wa chombo cha tanga anayetoka kusini ahangaike kwa majuma kabla ya kuiona Suez, na akifika hapo hawezi kwenda kwa tanga ndani ya mfereji mwembamba bali avutwe kwa kulipia. Mfereji kwa hiyo ulikuwa njia ya meli za moshi. Nazo meli za moshi, ambazo kabla ya hapo zilikula makaa mengi kiasi kwamba safari ya kuzunguka Afrika haikuwa na faida kwao, zilikuwa zimeanza kupata injini bora zaidi katika miaka hiyohiyo, na sasa zikapewa njia iliyofupisha safari ya London hadi Bombay kwa karibu sehemu mbili za tano, ikiwa na vituo vya makaa Port Said na Aden. Cutty Sark, mojawapo ya merikebu za tanga zenye kasi kubwa kuwahi kuundwa kwa ajili ya biashara ya chai ya China, ilishushwa majini huko Scotland tarehe 22 Novemba 1869, siku tano tu baada ya mfereji kufunguliwa, nayo iliifanya kazi ya chai iliyoundiwa kwa miaka michache tu.

Mwambao wa Waswahili ulikuwa umepangwa na upepo kwa zaidi ya miaka 1,000. Kaskazi, upepo unaovuma kati ya Desemba na Machi, uliyaleta majahazi ya Uarabuni, Ghuba na India, na kusi iliyarudisha, na kati ya pepo hizo mbili watu walioa, walikopeshana na kusubiriana. Hata wageni wa mbali waliokuwa wakija kwa njia ya Rasi, wakiongozwa na Wamarekani wa bandari ya Salem waliouza kitambaa cha pamba kilichopewa jina la merikani na kununua pembe za ndovu na sandarusi, walikuja kwa tanga na kwa hesabu ya miezi. Zanzibar ilikuwa mji ulioelekea Bombay na Muscat zaidi ya London. Baada ya mwaka 1869 mwelekeo huo uligeuka. Mwaka 1872 kampuni ya meli ya William Mackinnon, British India Steam Navigation Company, kwa mkataba wa posta na serikali ya Uingereza, ilianza safari za kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar, zikiunganishwa na meli za Suez. Kiswahili chenyewe kimehifadhi kumbukumbu ya badiliko hilo, kwani neno la zamani la chombo kikubwa cha baharini lilikuwa merikebu, lenye asili ya Kiarabu, na neno meli, ambalo leo hutumika kwa kila chombo kikubwa, lilitokana na neno la Kiingereza la posta: meli ilikuwa kwanza chombo cha barua.

Aprili mwaka huohuo wa 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja mikarafuu na kuzamisha vyombo vya Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, na mtawala huyo akabaki dhaifu wakati ambapo Waingereza walikuwa na uwezo mpya wa kumfikia. Januari 1873 ujumbe wa Sir Bartle Frere ulifika kumtaka apige marufuku biashara ya watumwa. Akakataa, na baada ya kutishiwa kwamba kisiwa chake kingezingirwa na manowari, akatia saini tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Kufungwa kwa soko lile ni jambo la heri lisilo na shaka yoyote, na kusema kwamba liliwezeshwa na meli za moshi na njia fupi ya Suez hakulipunguzii heri hiyo. Lakini ni kweli pia kwamba Barghash alijifunza siku hiyo kuwa Ulaya imesogea. Naye hakukaa kimya: alinunua meli za moshi zake mwenyewe, akaziendesha hadi Bombay, na mwaka 1875 akasafiri hadi Uingereza.

Mwaka huo wa 1875 una tukio ambalo linaunganisha mfereji na mwambao kuliko jingine lolote, ingawa vitabu vya shule hulipita. Ismail, akiwa na ndoto ya dola ya Misri inayoanzia Mediterania hadi maziwa makuu, na akichochewa na Charles Gordon, Mwingereza aliyekuwa akimtawalia Nile ya Juu na aliyetaka njia fupi ya kufika pwani, alituma kutoka Suez kikosi cha meli na askari chini ya afisa wa Kiingereza aliyemtumikia, McKillop Pasha. Kikosi hicho kiliteka Barawa na Kismayu, bandari zilizokuwa chini ya bendera ya Zanzibar, na Barghash akapeleka malalamiko yake kwa Waingereza. Ismail hakuwa na nguvu ya kuwakatalia. Wakati askari wake wakiwa wangali Kismayu, yeye mwenyewe alikuwa akitafuta fedha za kulipa riba ya madeni yake, na mwishoni mwa Novemba waziri mkuu Disraeli akazinunua hisa zake zote za mfereji, 176,602, kwa karibu pauni milioni 4 alizokopa haraka kwa jamaa wa Rothschild. Kikosi kiliamriwa kurudi. Kwa hiyo katika majuma hayo machache mtawala wa Kiafrika aliyejaribu kulitumia lango la Suez kujenga dola yake kusini alilipoteza lango lenyewe, na Barghash aliokolewa na watu ambao miaka 15 baadaye wangeichukua Zanzibar.

Misri ilifilisika mwaka 1876, Ismail akaondolewa mwaka 1879, na mwaka 1880 fungu la asilimia 15 la faida ya mfereji ambalo nchi hiyo ilikuwa bado inalo likauzwa pia. Wanajeshi na wananchi walioinuka chini ya Ahmad Urabi walipigwa na Waingereza huko Tel el-Kebir tarehe 13 Septemba 1882, baada ya jeshi la wavamizi kuutumia mfereji wenyewe kufika Ismailia, na Uingereza ikakaa Misri. Aliyekaa Misri hukumbuka haraka kwamba Misri ni Nile, na aliyekumbuka Nile hutazama inakotoka. Wapo wanahistoria, Ronald Robinson na John Gallagher wakiwa mashuhuri kati yao, walioeleza kwamba mawaziri wa Uingereza waliitaka Uganda hasa kwa ajili ya kuilinda Misri, na Misri kwa ajili ya kuulinda mfereji wa kwenda India. Hoja hiyo imepingwa na wanaotilia mkazo biashara na mitaji, na kweli peke yake haitoshi, lakini mfuatano wa matukio unaipa uzito: mkataba wa Julai 1890 uliowaachia Waingereza Zanzibar na Uganda, himaya ya Uganda mwaka 1894, kisha reli iliyoanzwa kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901. Nchi iliyokuja kuitwa Kenya ilianza, machoni mwa waliolipia reli ile, kama ardhi ya kupita.

Wajerumani nao walikuja kwa mlango huohuo. Manowari zao zilitia nanga mbele ya kasri la Barghash Agosti 1885 kumlazimisha akubali mikataba ya Carl Peters ya bara, na pamoja nazo alikuwamo Bibi Salme, dada yake Barghash, aliyekuwa akiishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete na ambaye serikali ya Bismarck ilimtumia kama kisingizio. Mwaka 1890 serikali hiyo ilianza kutoa ruzuku ya marki 900,000 kwa mwaka kwa kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika Linie ili iunganishe Hamburg na Dar es Salaam kupitia Suez. Majahazi hayakufa kwa hayo yote, kwani yaliendelea kupeleka boriti za mikoko Ghuba na kuleta tende hadi katikati ya karne ya 20. Lakini hayakuwa tena chombo cha kumtajirisha mtu, na saa ya meli ikaanza kushindana na musimu.

Mkataba wa Istanbul wa tarehe 29 Oktoba 1888 ulitamka kwamba mfereji uwe wazi wakati wa amani na wakati wa vita kwa meli za mataifa yote. Kanuni hiyo, nzuri kwa maandishi, ilipata aibu yake kubwa mwaka 1935, pale Mussolini alipopeleka askari, silaha na hata gesi ya sumu kupitia Suez kwenda kuivamia Ethiopia, huku Uingereza, ambayo jeshi lake lilikuwa kandokando ya mfereji, ikikataa kuufunga, na kampuni ikipokea ushuru wa kila meli. Waafrika waliofuatilia habari hizo waliona uwazi wa njia ile ulikuwa kwa ajili ya nani.

Kwa sababu hiyo neno la Nasser la tarehe 26 Julai 1956 lilisikika mbali. Wamarekani walikuwa wameondoa siku chache kabla ahadi yao ya kusaidia ujenzi wa bwawa la Aswan, naye, akihutubia umati mjini Aleksandria, alilitaja mara kwa mara jina la de Lesseps, ambalo lilikuwa ishara iliyopangwa kwa Mahmoud Younes na watu wake waingie katika ofisi za kampuni. Kabla hotuba haijaisha mfereji ulikuwa wa Misri. Mabwana wa Ulaya walitabiri kwamba bila marubani wa kigeni, yaani mabaharia wazoefu wanaoongoza meli za wengine katika maji magumu, njia ingesimama. Marubani hao wakaondolewa Septemba, na Wamisri pamoja na wageni wachache waliobaki na wengine walioajiriwa upya wakaendelea kuzipitisha meli. Mwishoni mwa Oktoba Israeli, Uingereza na Ufaransa zikashambulia kwa mapatano ya siri, Misri ikazamisha vyombo na kuuziba mfereji, na Marekani ikishinikiza fedha za Uingereza huku Umoja wa Mataifa ukiunda jeshi lake la kwanza la kulinda amani, wavamizi wakarudi nyuma. Mfereji ulifunguliwa tena Aprili 1957. Redio ya Kairo, ambayo tangu mwaka 1954 ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili, iliifikisha habari hiyo kwa wasikilizaji wa Mombasa na Unguja kwa lugha yao, na ni sahihi kuihesabu Suez miongoni mwa mambo yaliyowatia moyo wapigania uhuru wa miaka iliyofuata.

Vita vya Juni 1967 viliufunga tena, na safari hii kwa miaka 8. Mfereji ukawa mstari wa vita kati ya Misri na Israeli, na meli 14 zilizokuwa njiani zikakwama katika Ziwa Kubwa la Maji Machungu, zikifunikwa na mchanga wa jangwani hadi zikaitwa kundi la manjano, huku mabaharia wake wa mataifa mbalimbali wakitengeneza stempu zao wenyewe na kuandaa michezo. Meli za Ulaya ziendazo Mombasa na Dar es Salaam zililazimika kurudi katika njia ya Rasi, na Aden, iliyokuwa ikiishi kwa kuziuzia meli mafuta, iliporomoka. Watengenezaji wa meli wakaunda meli za mafuta kubwa mno ambazo hazikuhitaji mfereji. Rais Anwar Sadat aliufungua tarehe 5 Juni 1975, na kati ya meli 14 zilizokwama ni mbili tu, zote za Kijerumani, zilizofika nyumbani kwa injini zao zenyewe.

Mfereji umehamisha pia wasio na bendera. Kwa kuwa hauna milango, viumbe vya bahari huweza kuupita, na kwa miongo ya kwanza vilizuiwa na Maziwa ya Maji Machungu, ambayo sakafu yake ilikuwa na tabaka nene la chumvi. Chumvi hiyo ilivyoyeyuka, kizuizi kikapungua, na kupanuliwa kwa mfereji kukarahisisha njia. Mamia ya aina za samaki, kamba, konokono na majani ya bahari kutoka Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi wamehamia Mediterania. Miongoni mwao wamo samaki wa jamii ya tasi, ambao mvuvi wa Lamu au Pemba anawafahamu vema kwa miiba yao yenye sumu, na ambao katika mwambao wa Uturuki na Ugiriki wameyala majani ya miamba hadi kuiacha mitupu. Wanasayansi wameupa uhamaji huo jina la de Lesseps, na huenda ndiyo sehemu ya kazi yake itakayodumu kuliko zote, kwa sababu serikali inaweza kuirudisha kampuni mikononi mwa wananchi, lakini hakuna awezaye kuwarudisha samaki.

Leo mfereji una urefu wa kilomita 193 na kina cha mita 24, na tangu Agosti 2015 sehemu yake ya katikati ina njia ya pili ya kilomita 35, iliyochimbwa kwa mwaka mmoja kwa fedha ambazo Wamisri wenyewe walizichanga kwa kununua hati za dhamana. Kwa makadirio ya kawaida, karibu asilimia 12 ya biashara ya dunia ilikuwa ikipita humo hadi mwaka 2023. Machi 2021 meli ya makontena Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama ikiwa imelala upande hadi upande na kuwazuia wengine kwa siku 6, na watu wengi waliokuwa hawajawahi kuufikiria mfereji wakaijua picha yake. Pigo la kweli lilikuja baadaye: kuanzia Novemba 2023 mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu, waliyoyahusisha na vita vya Gaza, yaliyafanya makampuni makubwa yaelekeze meli zao kusini, na mapato ya mfereji, yaliyokuwa yamezidi dola bilioni 9 kwa mwaka, yakashuka mwaka 2024 hadi kama dola bilioni 4. Meli za makontena kati ya Asia na Ulaya zikaikata tena Bahari ya Hindi kuelekea Rasi ya Tumaini Jema, nyingine zikipita mashariki ya Madagaska, katika bahari ileile ambayo merikebu za Salem ziliipita zikija Unguja kununua pembe.